Yai la Mama Pasi

Jogoo wa zamani wa Dobi alikufa kifo cha heshima, kifo cha uzee. Alikutwa asubuhi kalala ubavu chini ya kamba za kuanikia, na Dobi, mtu mwenye huruma kwa viumbe vyote isipokuwa nondo wanaotoboa nguo, akamzika badala ya kumla. Mkewe alicheka mpaka akaiweka pasi chini.

"Nyama ngumu ile," alisema, "hata udongo utaitafuna mwaka mzima."

Mtaani mkewe aliitwa Mama Pasi. Mume alifua, mke alipiga pasi, na kazi hiyo waliifanya pamoja kwa miaka ishirini na miwili katika nyumba ya vyumba viwili yenye ua mrefu nyuma. Hawakujaliwa mtoto. Walikwisha kulia, wakanyamaza, wakaanza kutaniana, na utani ndio uliowafikisha hapo. Dobi hakuwa na ndugu wa karibu wala rafiki wa kukaa naye kibarazani. Alikuwa na mwanamke huyo, na alijua vizuri kwamba akimkosa yeye hana mwingine.

Jogoo mpya alitoka kwenye jumba moja la ghorofa lililokuwa mwisho wa barabara. Mlinzi wa jumba hilo alikuwa akimletea Dobi sare zake kila wiki. Siku hiyo alileta sare na tenga.

"Mchukue tu," mlinzi alisema. "Mwenye nyumba hayupo tena, na mimi sina pa kumweka."

Alikuwa jogoo mkubwa wa rangi ya majivu, mwenye shungi lililopauka kama mdomo wa mgonjwa. Mama Pasi alimzunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. "Huyu kamba yake iko wapi?"

"Mama Pasi, mtu kapewa bure bado unatafuta kasoro!"

"Sitafuti. Nauliza tu."

Dobi aliijua kazi ya kuingiza jogoo mgeni. Alimweka kwenye tenga kwa wiki moja, mbali na wenzake, akampaka majivu chini ya mbawa ili kumtoa utitiri, akamchungulia macho na kinyesi asije akaleta ugonjwa. Alipoona mzima, akamtoa jua lilipokuwa likizama na kumweka kwenye kichanja cha kulalia katikati ya mitetea, waamke wamemzoea. Ndivyo alivyofanya baba yake, na kwa kawaida asubuhi yake huwa ni vurugu ndogo tu: kufukuzana, kudonoana, halafu amani.

Asubuhi hiyo hapakuwa na vurugu. Mitetea wote saba walikuwa wamejipanga uani wakiutazama ukuta. Jogoo alikuwa nyuma yao, anakula peke yake.

Walimzoea baada ya siku chache, au walichoka. Jambo moja tu lilibaki la ajabu: hakuwika. Alfajiri ilipita, adhuhuri ikapita, wiki ikapita. Mama Pasi akamwita Bubu. "Mmeletewa mume asiyesema," aliwaambia mitetea akiwatupia pumba. "Nawaonea wivu."

Lakini mayai yalikuja, makubwa na mazito. Mtetea mweusi akaanza kuatamia; akajinyonyoa kifuani, akavimba, akawa anamngurumia kila anayesogea kiota chake kwa sauti ya hasira. Habari zikatoka nje. Wateja wakaanza kuomba vifaranga. Kinyozi alitaka, Mwalimu wa shule ya jirani alitaka, muuza mkaa, fundi baiskeli, kila mtu chake. Na hapo ndipo Dobi alipofanya kosa ambalo ni dobi tu anayeweza kulifanya.

Katika kazi yake, kisicho na alama hakina mwenyewe. Kila mteja alikuwa na alama yake, ambayo Dobi aliichora ndani ya kola kwa wino mweusi usiotoka kwa sabuni, kwa jua wala kwa kuchemshwa. Kinyozi alikuwa mkasi mdogo. Mwalimu alikuwa pembetatu. Kwa alama hizo, hakuna aliyewahi kuvaa shati la mwenzake kwa miaka ishirini na miwili. Basi Dobi akaketi na mayai manane kwenye kanga kuukuu, akayachora moja moja.

"Yai la mtu ni bahati ya mtu," aliwaambia wateja. "Lako likitoka viza, usije kunidai la jirani."

Mama Pasi akaja na yai la tisa mkononi.

"Na langu."

"Lako la nini? Si yote yako?"

"Mimi ndiye mteja wako wa kwanza, tena sijawahi kulipa. Chora."

Dobi akacheka, akachora duara lenye nukta katikati, alama ya nguo za mkewe. Wino uliingia kwenye gamba upesi sana, akadhani labda yai lina unyevu. Akayaweka yote tisa chini ya mtetea mweusi. Jogoo alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, anahesabu, au ndivyo ilivyomjia Dobi, kisha akajicheka.

Siku ya saba aliyapima kwa mwanga. Chumba cha pasi dirisha lake likifungwa kinakuwa giza hata mchana, kwa hiyo aliingia humo na tochi na kipande cha karatasi ngumu alichokitoboa tundu, akalishika kila yai juu ya tundu hilo. Mayai manane yalionyesha mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi, na kijidoa kinachorukaruka katikati. La tisa lilikuwa jeupe tupu. Lilikuwa na alama ya mkasi.

"Kinyozi hana bahati," Dobi alisema, akaenda kulitupa kwenye shimo la taka.

Lilipopasuka, jogoo aliwika.

Aliwika mara moja tu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na sauti yenyewe ilikuwa ndefu na kavu, kama mtu anayeita jina kutoka mbali. Mama Pasi alitoka ndani anapiga makofi. "Bubu kasema!" Walicheka wote wawili.

Jioni mke wa Kinyozi alikuja kuchukua kanzu ya mumewe, nyeupe, iliyokuwa haijakauka vizuri. Alisema wataihitaji hivyo hivyo. Kinyozi alikuwa ananyoa mteja, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe kama aliyechoka, na hakuinuka. Saa ngapi? Saa nane.

Dobi hakumwambia mtu kitu. Watu hufa. Mayai huwa viza. Alijiambia hayo akifua, akajiambia tena akianika, na usingizini pia. Lakini kuanzia siku hiyo hakutulia. Alikuwa akiacha beseni katikati ya kazi na kwenda bandani kuyahesabu mayai manane, kisha kurudi, kisha kwenda tena. Mtetea mweusi akachoka naye, akamdonoa mpaka damu.

Siku ya kumi na nne akayapima tena. Alianza na la mkewe. Kiumbe kilikuwa kimejaza nusu ya yai, kinajigeuza. Akashusha pumzi. Akapima saba yaliyobaki, na kwenye lile la pembetatu akaona pete ya damu, duara jekundu limekaa kimya pembeni mwa gamba, na katikati hakuna kinachocheza. Kila afugaye kuku anaijua pete hiyo. Kiumbe kimekufa ndani.

Safari hii hakulitupa. Alilirudisha chini ya kuku, akavaa viatu, akaenda shuleni karibu anakimbia. Mwalimu alikuwa chini ya dirisha la ofisi anasahihisha madaftari, mzima wa afya, miwani puani.

"Dobi! Suruali yangu imeungua au nini, mbona unahema?"

"Hapana, Mwalimu. Nilipita tu kukusalimia."

"Karibu, keti. Unaumwa?"

Dobi akaketi. Aliona aibu, akaona na raha. Mwalimu alimwonyesha insha ya mwanafunzi aliyeandika kwamba moyo wa binadamu uko kwenye goti, wakacheka. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane. Shule ilikuwa mbali na nyumba ya Dobi, mitaa minne na barabara kuu. Hata hivyo alisikia. Sauti ndefu, kavu.

Mwalimu aliinua kichwa. "Nani ananiita?" alinong'ona.

Kalamu nyekundu ikaanguka. Kisha Mwalimu.

Dobi hakumweleza mkewe. Alirudi nyumbani kupitia mlango wa uani, akaingia bandani moja kwa moja. Yai la pembetatu lilikuwa nje ya kiota, baridi. Na kando yake, limesukumwa nusu nje, mtetea akilisukuma kwa mdomo taratibu, bila hasira, lilikuwa yai lenye duara na nukta.

Alilirudisha. Mtetea akalitoa. Alilirudisha tena.

"Baba, njoo unishike mikono," Mama Pasi aliita kutoka chumba cha pasi. "Leo nimeshika pasi ya moto tangu asubuhi na vidole vyangu ni barafu."

Alimshika. Ni kweli, vilikuwa baridi.

Kesho yake asubuhi Dobi alikwenda kwenye jumba la ghorofa. Geti lilifunguliwa kidogo. Mlinzi alimtazama usoni, na kabla hajaulizwa kitu akasema, "Umeyaandika."

"Alama tu. Alama za nguo."

"Mwenye nyumba aliandika majina ya watoto wake. Kwa penseli. Alikuwa anawafurahisha."

Dobi alishika chuma cha geti. "Nikimchinja?"

"Alimchinja. Nilimnyonyoa mimi mwenyewe, kwa maji ya moto. Asubuhi yake alikuwa ukutani pale."

"Ukajua haya yote, ukaniletea nyumbani kwangu?"

Mlinzi aliinamisha macho. "Ningekaa naye mimi? Na mimi nina watoto, Dobi. Ningejua kwamba mtu mzima ataandika mayai?"

Dobi hakuwa na nguvu ya kumpiga. Aliuliza lile alilolijia. "Kuku analikataa moja. Bado lina uhai. Nifanye nini?"

"Kuku akilikataa, liache."

"Ni la mke wangu."

Mlinzi aliutazama tena ukuta ule. "Ukilipasha joto, litatoka," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mwenye nyumba alilipasha moja joto. Lilitoka." Akaanza kufunga geti. "Baadaye alikuwa ananiomba mimi nimsaidie kusahau."

"Kusahau nini?"

Komeo likaingia.

Mtu mwingine labda angelifikiria sana neno hilo. Dobi alilisikia la kwanza tu: litatoka. Alirudi, akalitoa yai kwenye kiota, akalipangusa, akalitia kwapani na kulifunga kwa kitambaa cha shuka kilichozunguka bega na kifua. Akavaa shati juu yake. Kisha akaketi.

Kwa siku sita Dobi aliatamia.

Hakufua. Beseni zilisimama na maji yao, yakaota ukungu. Wateja walikuja wakamkuta ameketi kwenye kigoda, mkono wa kushoto umebana ubavuni, wakadhani amepooza upande mmoja. Fundi baiskeli alimtania kwamba amejifungua jipu. Alitabasamu tu. Alilala ameketi, akaamka kila mara kuligeuza, kwa maana yai lisilogeuzwa hugandamana upande mmoja. Alikula kwa mkono wa kulia. Kuna wakati alihisi kiumbe kinajinyoosha dhidi ya mbavu zake, akalia kwa furaha, mwanaume mzima wa miaka hamsini na mitatu.

Mama Pasi alikuwa anapungua. Hakuwa na homa wala maumivu, ila baridi tu, iliyotoka vidoleni ikapanda viwikoni. Alilala kitandani kajifunika mablanketi mawili wakati wa jua kali, na bado alitania.

"Mume wangu, kwapani kwako kuna mwanamke?"

"Yupo mmoja."

"Mzuri?"

"Ana maneno mengi."

"Basi mwachie nafasi nikifa." Alicheka, halafu akamtazama vizuri. "Mbona unalia? Nakutania."

"Usinitanie hivyo."

"Kuna kitu unanificha."

Alikaribia kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini angesema nini? Kwamba alimwandika kwa mkono wake mwenyewe? Alimfunika mabega. "Lala," alisema. "Siku mbili tu."

Na jogoo alikuwa nje ya mlango. Hakula tena, hakuzunguka na mitetea. Alisimama kizingitini kila siku akimtazama Dobi kwa jicho moja, halafu akigeuza kichwa na kumtazama kwa lingine.

Siku ya ishirini na moja, mayai sita yaliyobaki chini ya mtetea mweusi yalipasuka kabla ya saa nne asubuhi. Vifaranga sita, wote wazima. Dobi aliwasikia wakilia bandani. Kwapani mwake, kimya.

Saa tano, kimya.

Saa sita Mama Pasi aliacha kujibu. Alikuwa anapumua, lakini pumzi moja, kisha kungoja, kisha nyingine.

Saa saba Dobi alihisi kugongwa. Tok. Kwenye ubavu wa tatu. Tok. Akafungua kitambaa, akalishika yai sikioni. Kulikuwa na mstari mdogo wa ufa. Tok. Kisha kugonga kukakoma.

Kifaranga hakisaidiwi kutoka. Hilo ni jambo la kwanza mfugaji kufundishwa. Ukikitoa kwa nguvu, damu iliyobaki kwenye ngozi ya ndani inamwagika, kinakufa mkononi mwako. Dobi alilijua hilo kama alivyojua sabuni na maji. Alimtazama mkewe. Pumzi. Kungoja. Kungoja.

Saa nane kasoro dakika mbili. Jogoo akainua shingo.

Akafungua mdomo.

Dobi akalivunja yai.

Alilivunja kwa kucha, upesi, gamba na ngozi, akijua anachofanya na akilitaja jina la mkewe ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na kifaranga. Ndani ya gamba palikuwa pakavu na pasafi, kama bakuli lililokwisha kuoshwa na kufutwa.

Jogoo alifunga mdomo bila kuwika. Akageuka, akavuka ua, akapita uchochoroni. Hakuonekana tena.

Na kitandani Mama Pasi akavuta pumzi kubwa, akaketi. Alikuwa amelowa jasho kuanzia nywele hadi nyayo. Aliangaza chumba chote kama mtu aliyeingia humo kwa mara ya kwanza. Kisha akamwona mumewe, na macho yake yakabaki hapo.

Dobi alimkumbatia. Alikuwa wa moto. Wa moto sana. Alicheka na kulia, akaita majirani, na majirani wakamshukuru Mungu, na fundi baiskeli akaleta soda.

Siku ya kwanza Mama Pasi hakusema neno. Ugonjwa, watu walisema. Siku ya pili alianza kumfuata. Dobi akienda kisimani, yuko nyuma. Akienda kuanika, yuko nyuma, hatua mbili, hazipungui hazizidi. Akifunga mlango wa choo, alisikia pumzi zake upande wa pili. Akiondoka machoni pake kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, alitoa sauti. Haikuwa kilio cha mtu mzima. Ilikuwa nyembamba, moja moja, bila kukoma mpaka amwone. Pasi ilikuwa mezani siku zote. Hakuigusa. Dobi alipomtania, kwa mzaha ule ule waliocheka miaka ishirini na miwili, alimtazama kwa jicho moja. Kisha akageuza kichwa na kumtazama kwa lingine.

Wiki ya pili alikuja dada mkubwa wa Mama Pasi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza nyumba, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Aliingia akipiga vigelegele na mikono imefunguliwa.

"Mdogo wangu! Njoo nikuone uliyetaka kutukimbia!"

Mama Pasi alirudi nyuma. Akazunguka mgongo wa mumewe, akainama, akaingiza kichwa chini ya mkono wake wa kushoto, akajibana hapo na kutulia. Dada alimshika mkono kumvuta. Alimshika muda mfupi tu, akamwachia.

Chai haikunywewa. Dada aliketi ukingoni mwa kiti akimtazama yule aliyekuwa chini ya kwapa la shemeji yake, na sauti yake ile kubwa ikamtoka yote. Alipoinuka kuondoka, Dobi alimsindikiza hadi mlangoni, hatua mbili nyuma yao zikifuata. Pale mlangoni dada alifungua kiganja alichomshikia mdogo wake. Katikati yake palikuwa na manyoya laini, ya manjano, bado yamelowa.

Alimnong'oneza.

"Shemeji. Mdogo wangu yuko wapi?"

Dobi alifungua mdomo ajibu. Kwapani mwake, kwenye ubavu wa tatu, kitu kikaanza kugonga kutoka ndani.